Foleni, Kichujio na Karatasi: Historia ya Kutatua Hitilafu za Printa katika Mifumo ya Jamii ya Unix, Ikitazamwa kutoka Mwembe Tayari

Mwembe Tayari, mtaa wa kisiwa cha Mombasa ulioko magharibi ya Mji wa Kale, unajulikana zaidi kwa soko lake na kwa ofisi za mabasi yaendayo Nairobi na yale yanayovuka mpaka kuelekea Tanga na Dar es Salaam kuliko kwa jambo lolote linalohusu kompyuta. Hata hivyo ni mahali panapoishi kwa karatasi: tiketi, risiti, orodha za mizigo, barua za kuomba kazi, nakala za vyeti, kadi za arusi na, tangu huduma za serikali zilipoanza kutolewa kupitia eCitizen mwaka 2014, fomu ambazo mwananchi huzijaza mtandaoni na mara nyingi bado hutakiwa kuzibeba mkononi zikiwa zimechapishwa. Mahali kama hapa printa ikigoma, shughuli za watu wengi husimama pamoja nayo, na swali la nani ana uwezo wa kujua kwa nini imegoma huwa swali la riziki. Makala hii inafuatilia historia ya swali hilo katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, yaani Unix yenyewe pamoja na mifumo iliyozaliwa kwayo au kuiga mwenendo wake, kama vile BSD, Linux na macOS. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba mbinu za kutafuta hitilafu zilisonga mbele kila mara mtu aliyesimama mbele ya printa iliyogoma aliporuhusiwa kuona kinachotendeka ndani, na kwamba aliponyimwa ruhusa hiyo zilidumaa, au zilizua upinzani.

Mombasa ilikuwa na uhusiano wa muda mrefu, na wenye uchungu kiasi, na mitambo ya kupiga chapa kabla ya kompyuta kufika. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa mji huu aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalihifadhiwa vifuani mwa watu na katika miswada ya hati za Kiarabu, yakakusanywa katika karne hiyo hiyo na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, lakini hayakutoka kama diwani mpaka mwaka 1940, tena yalichapishwa Johannesburg, mbali kabisa na watu waliokuwa wakiyaghani. Gazeti la African Standard, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, lilikuwa la Kiingereza, na mwaka 1910 lilihamia Nairobi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotaka kusema na watu wa mji wake kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, alianza mwaka 1930 na karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Mji uliozoea kuandika kwa hati mbili ulihitaji mtambo unaoweza kuzitoa zote mbili, na sharti hilo, kama itakavyoonekana, liliwasumbua hata waliotengeneza kompyuta.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na miongoni mwa watumiaji wake wa kwanza nje ya kundi la watafiti walikuwa wapiga taipu wa idara ya hataza, yaani idara inayoshughulikia haki za uvumbuzi, ambao mwaka 1971 walianza kuitumia kuandaa maombi yao. Kwa hiyo uchapishaji ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoiwezesha Unix kupata fedha na kuendelea kuishi. Tatizo la kwanza lilitokana na uchache: watumiaji walikuwa wengi, printa ilikuwa moja, na kama kila mtu angeiandikia moja kwa moja, mistari ya barua ya mmoja ingechanganyika na hesabu za mwingine. Ufumbuzi ulikuwa foleni, utaratibu ambao faili linalotakiwa kuchapishwa hunakiliwa kwanza katika saraka maalumu, likasubiri zamu yake, huku programu ya usuli, yaani programu isiyoonekana kwenye skrini lakini inayofanya kazi wakati wote, ikiyachukua mafaili moja baada ya jingine na kuyapeleka kwa printa. Katika tawi la BSD, lililokuzwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, programu hiyo iliitwa lpd. Mtumiaji aliweka kazi kwenye foleni kwa amri ya lpr, akaitazama kwa lpq na kuifuta kwa lprm, na maelezo ya kila printa yaliandikwa katika faili la /etc/printcap. Tawi jingine la Unix, lililoitwa System V, lilikuwa na utaratibu wake wenye amri ya lp, na kwa miaka mingi fundi aliyehama kutoka tawi moja hadi jingine alilazimika kujifunza upya.

Hitilafu za enzi hiyo zinastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndizo zilizowafundisha mafundi namna ya kufikiri. Iliyojulikana zaidi ilikuwa ile ya ngazi: mstari wa kwanza ulichapishwa vizuri, wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu ukasogea kulia zaidi, mpaka maandishi yakaporomoka ukingoni mwa karatasi. Chanzo chake kilikuwa kwamba Unix humaliza mstari kwa alama moja tu, ile ya kushuka chini, ilhali printa nyingi zilitarajia alama mbili, moja ya kushuka na nyingine ya kurudisha kichwa cha kuchapia upande wa kushoto. Fundi aliyeelewa hilo aliongeza agizo katika printcap, au aliweka kichujio, yaani programu ndogo inayopokea maandishi upande mmoja na kuyatoa upande wa pili yakiwa yamerekebishwa, au alibadilisha swichi ndogo zilizokuwa kwenye printa yenyewe; asiyeelewa alibadilisha kebo bure. Hitilafu nyingine ilikuwa ya kazi kubwa kukatwa katikati. lpd ilikuwa na kikomo cha ukubwa wa faili, takriban megabaiti moja, ambacho kilitosha kabisa kwa maandishi matupu lakini kilikata picha. Dawa yake ilikuwa maneno machache, mx#0, yaliyoondoa kikomo hicho. Tena kulikuwa na foleni iliyosimama kwa sababu programu ya usuli ilikufa ikaacha nyuma yake faili la kufuli, na programu mpya ikaamini kwamba mwenzake bado yuko kazini. Linux nayo ilirithi ujumbe maarufu wa "lp0 on fire", unaosema kwamba printa ya kwanza inawaka moto, ambao kwa hakika ulimaanisha tu kwamba printa imetangaza hitilafu isiyokuwa ya kuishiwa na karatasi wala ya kutokuwa tayari. Katika visa vyote hivi jibu lilikuwa limeandikwa mahali fulani ndani ya mashine, katika faili la maandishi ambalo mtu yeyote mwenye ruhusa angeweza kulifungua na kulisoma.

Ruhusa hiyo haikuwa ya milele. Katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, iliyokuwa ikitumia mfumo wake yenyewe ulioitwa ITS, mtayarishaji programu Richard Stallman alikuwa amerekebisha programu ya printa ya zamani ili iwaarifu watumiaji kazi yao inapomalizika au karatasi inapokwama, kwa kuwa printa ilikuwa ghorofa nyingine na watu walichoka kupanda na kushuka wakikuta haijafanya lolote. Karibu na mwaka 1980 maabara ilipokea printa mpya ya leza kutoka Xerox, yenye kasi na chapa safi zaidi, lakini programu yake ilikuja bila msimbo chanzo, yaani maandishi ya asili ambayo mtayarishaji huyaandika na ambayo bila hayo programu haiwezi kurekebishwa. Stallman alimwomba msimbo huo mtafiti mmoja wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa kuwa mtafiti huyo alikuwa ameahidi kuutunza kama siri. Karatasi ziliendelea kukwama, na hakuna aliyejulishwa. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuandika mfumo kamili wa jamii ya Unix ambao kila mtu angeweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, na mradi huo, ulipokutana na kiini cha Linux kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndio uliozaa mifumo inayotumika leo katika seva nyingi za dunia. Historia nyingi za programu huria hukitaja kisa hiki kwa haraka ili zifikie siasa yake. Kwa mtu anayeshughulikia printa, uzito wake uko katika kitu kilichonyimwa, ambacho kilikuwa uwezo wa kumwambia jirani kwamba karatasi yake imekwama.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuifundisha karatasi lugha mpya. Mwaka 1984 kampuni ya Adobe ilitoa PostScript, lugha ya kuelezea ukurasa kwa mistari, mikunjo na herufi, na mwaka uliofuata Apple ikatoa LaserWriter iliyoielewa lugha hiyo. Programu za Unix zilianza kutoa PostScript, lakini printa zenye kuielewa zilikuwa ghali mno kwa ofisi ndogo, na pengo hilo lilizibwa na Ghostscript, programu ya L. Peter Deutsch iliyotoka mwaka 1988, ambayo husoma PostScript na kuigeuza kuwa nukta ambazo printa ya bei nafuu inaweza kuzichapa. Tangu hapo msafara wa maandishi kutoka kwenye programu hadi kwenye karatasi ulifanana na mzigo unaopokezanwa na wapagazi, kila mmoja akiubeba hatua yake na kumkabidhi mwenzake, na kazi ya fundi ikawa kumtafuta aliyeuangusha. Katika miaka ya 1990 ugumu mpya uliingia: baadhi ya watengenezaji walipunguza gharama kwa kuiondolea printa akili yake na kuiachia Windows kazi yote ya kupanga nukta. Baadhi ya printa za HP DeskJet zilizotumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo PPA, kwa mfano, hazikuweza kuchapa hata mstari mmoja wa maandishi matupu kutoka Linux mpaka wapenzi wa Linux walipoichunguza itifaki hiyo na kuandika kigeuzi kiitwacho pnm2ppa. Katika mji wa bandari kama Mombasa, printa za zamani za sindano, zinazopiga utepe kwa nguvu, zilibaki na heshima yao kwa sababu nyingine kabisa: zinaweza kuchapa fomu yenye nakala kadhaa za kaboni kwa pigo moja.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja na CUPS, mfumo wa pamoja wa uchapishaji wa Unix, ambao Michael Sweet alianza kuuandika mwaka 1997 na kuutoa hadharani mwaka 1999. Ulizipokea amri za matawi yote mawili ya Unix, ukatumia itifaki ya IPP inayopita katika mlango namba 631, na ukampa msimamizi ukurasa wa kuusimamia kwa kivinjari. Apple iliuingiza katika Mac OS X 10.2 mwaka 2002, ikamwajiri Sweet na kuununua msimbo wake mwaka 2007. Thamani yake kwa fundi iko katika namna unavyozitenganisha hatua. Kwanza kuna foleni, ambayo lpstat -t huionyesha pamoja na hali yake. Pili kuna vichujio, vinavyoigeuza PDF au picha kuwa lugha ya printa husika kwa msaada wa draiva, yaani programu inayoijua lugha hiyo. Tatu kuna programu ya kufikisha, inayoyabeba matokeo kupitia USB au mtandao. Na kila hatua huandika ilichofanya katika daftari la matukio lililoko /var/log/cups/error_log. Daftari hilo kwa kawaida husema machache, lakini amri ya cupsctl --debug-logging hulifanya liseme yote, na hapo ujumbe usioeleweka wa kwamba kichujio kimeshindwa hufunguka na kuonyesha kichujio gani, na mara nyingi sababu yake: kifurushi cha draiva hakijawekwa, au faili halisomeki. Fundi mzuri haanzi na draiva. Huanza kwa kuuliza kama kazi imefika kwenye foleni, kisha kama imetoka humo, kisha kama printa imeipokea, na kwa njia hiyo hupunguza eneo la kutafuta kabla hajagusa chochote.

Mazingira ya pwani yana hitilafu zake, na baadhi yake huonekana kama za programu ilhali sivyo. Umeme unapokatika katikati ya kazi na programu ya kufikisha ikaripoti kushindwa, CUPS kwa desturi yake huisimamisha foleni nzima, na umeme unaporudi printa huwaka taa zote za heri lakini foleni hubaki imesimama mpaka mtu aifungue kwa cupsenable; printa nyingi zimebadilishwa au kupelekwa kwa fundi bila sababu kwa kutojulikana amri hii moja. Umeme huo huo unapozima ruta, printa ya mtandao inaweza kuamka na anwani mpya, huku foleni ikiendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya jana. Dawa ni kuiwekea printa anwani ya kudumu katika ruta, au kuitambua kwa jina badala ya namba. Unyevu wa hewa ya bahari huingia katika karatasi iliyoachwa wazi, ikajikunja na kushikamana, na hakuna daftari la matukio linaloweza kusema zaidi ya kwamba karatasi imekwama. Rimu ihifadhiwe ndani ya kifuko chake. Tatizo la ukubwa wa karatasi ni la aina nyingine, kwa sababu limeandikwa ndani ya programu: sehemu kubwa ya zana hizi zilizaliwa Marekani, ambako ofisi hutumia karatasi ya Letter, iliyo fupi na pana kidogo kuliko A4 itumikayo Kenya, na mfumo uliowekwa bila kurekebishwa hukata ukingo au huifanya printa isimame ikingojea karatasi ambayo ni nadra kuiona katika maduka ya Mombasa. Katika mifumo ya jamii ya Debian, neno moja la a4 katika faili la /etc/papersize huziarifu programu nyingi kwa mara moja.

Hapa ndipo sharti la hati mbili linaporudi. Kiswahili cha hati za Kilatini kilikuwa na bahati isiyokuwa ya lugha nyingi za Afrika, kwani kinaandikika chote kwa herufi za msimbo wa ASCII wa miaka ya 1960, bila alama za ziada, isipokuwa kwamba ng' hutegemea kistari cha juu, na kistari hicho kilileta taabu isiyotarajiwa. Programu za kuandikia hukigeuza kistari kilichonyooka kuwa kilichopinda, ambacho katika usimbaji wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huhifadhiwa kwa baiti tatu. Kichujio cha zamani kama enscript, kisichoijua UTF-8, huzichapa baiti hizo kana kwamba kila moja ni herufi, na ng'ombe wa mwandishi hutoka akiwa na alama za ajabu shingoni. Kwa hati za Kiarabu mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu herufi hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo katika neno, mwandiko huenda kutoka kulia, na Kiswahili huhitaji herufi za ziada kwa sauti kama p, ch na v. Printa iliyopokea maandishi matupu haikuweza lolote hapo. Ufumbuzi ulikuwa kuyapanga maumbo ndani ya kompyuta na kuipelekea printa ukurasa uliokamilika, fonti zikiwa zimepachikwa ndani ya PDF, na pale ambapo maneno yanaonekana sawasawa kwenye skrini lakini yanatoka karatasini yakiwa visanduku vitupu, jambo la kwanza la kuchunguza ni kama fonti imepachikwa, na amri ya pdffonts hulionyesha hilo kwa mstari mmoja.

Lugha ya kuelezea hitilafu yenyewe ilichukua muda mrefu zaidi kufika. Mradi wa Kilinux, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Uswidi, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi, na kwa mara ya kwanza mtumiaji aliweza kukutana na kisanduku cha kuchapisha kilichosema naye kwa lugha yake. Ujumbe wa daftari la matukio ulibaki Kiingereza, na umebaki hivyo. Hili linastahili kutiliwa maanani zaidi kuliko linavyotiliwa, kwa sababu uwazi uliopiganiwa tangu kisa cha MIT hauna faida kamili kwa kijana mwenye akili timamu na mikono mizuri ambaye mstari unaomweleza kosa hausomeki kwake, na tafsiri ya menyu peke yake haimfikishi mahali kosa lilipo.

Katika maduka mengi ya chapa mashine bado ni za Windows, lakini jamii ya Unix imeingia kwa mlango mwingine. Simu za Android zina kiini cha Linux, na iPhone hutokana na ukoo wa BSD. Mteja huja na barua yake ndani ya simu na kutaka kuichapisha bila waya. Apple ilitoa AirPrint mwaka 2010, ikafuatiwa na kanuni za wazi za IPP Everywhere, ambazo kwazo printa hujieleza yenyewe kwa mtandao, ikataja karatasi na rangi inazoziweza, na hivyo draiva haihitajiki. Sehemu kubwa ya hitilafu za zamani zimetoweka kwa njia hiyo, na mpya zimezaliwa: simu ikiwa katika mtandao wa wageni uliotengwa na ule wa printa, haioni kitu, na hakuna ujumbe wa kosa wa kusoma. Septemba 2024 ilitangazwa kwamba cups-browsed, programu inayotafuta printa mtandaoni, ingeweza kudanganywa iongeze printa ya uongo na kutekeleza amri za mshambulizi pale mtu atakapochapisha kupitia kwayo. Mahali ambapo mtandao mmoja hutumiwa na watu wasiojuana, kusasisha programu hiyo, au kuizima kabisa kama haitumiki, ni sehemu ya ufundi wa printa.

Sweet aliondoka Apple mwishoni mwa mwaka 2019, na uendelezaji wa CUPS kwa ajili ya Linux ulihamia kwa kundi la OpenPrinting, ambalo limekusudia kuziondoa draiva za mtindo wa zamani na kubakisha printa zinazojieleza. Uamuzi huo ungaliziumiza nchi ambako kompyuta na printa nyingi hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine na hutarajiwa kudumu miaka mingi zaidi, kama kundi hilo lisingaliweka njia ya mpito: programu za printa, ambazo huibeba draiva ya zamani ndani yake na kuiwasilisha printa kuukuu kwa mfumo mpya kana kwamba inajua IPP. Mkusanyiko wa Gutenprint, unaohudumia mamia ya aina za printa, umekwisha kufungashwa kwa namna hiyo, na printa ya wino iliyotengenezwa kabla ya simu janja kuwapo inaweza kupokea kazi kutoka kwenye simu iliyonunuliwa mwaka huu.